SANDUKU LISILO NA ORODHA: Historia ya Fahirisi na Amana ya Vitabu Vyetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu zangu, somo la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka alihifadhi, alisome baada ya Isha. Nitazungumzia jambo ambalo wengi tunaliona dogo: orodha ya vitabu. Ukifika mwisho utaona kwamba si dogo, na huenda wewe mwenyewe una deni nalo.

*1. MATRANKA MATATU*

Miaka michache iliyopita alitangulia mbele ya haki mzee wetu mmoja hapa mkoani Singida, upande wa Ikungi. Simtaji jina kwa heshima ya familia. Alisomesha watoto wetu zaidi ya miaka arobaini. Aliacha nyumba, ng'ombe kadhaa, shamba la alizeti na matranka matatu ya vitabu.

Ng'ombe waligawanywa kwa siku moja. Shamba lilichukua siku mbili. Vitabu vilichukua miezi minne, na mpaka leo kuna ndugu wawili wanaosalimiana kwa shida.

Kwa nini? Kwa sababu ndani ya yale matranka kulikuwa na vitabu vya aina tatu. Kuna vilivyokuwa mali yake, hivyo ni mirathi. Kuna vilivyowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, hivyo havirithiwi wala haviuzwi. Na kuna vya watu, alivyoazima au alivyowekewa amana. Kwa nje vyote vinafanana. Jalada halisemi mimi ni wa nani.

Akaja mtu kutoka Manyoni, akasema juzuu tatu za tafsiri ni zake, aliziazimisha zamani. Shahidi hana. Mtoto mkubwa akasema ni za baba. Imamu akasema anakumbuka ziliwekwa wakfu. Watu watatu, na hakuna aliyekusudia kusema uongo. Aliyejua ukweli ameshazikwa.

Vile ambavyo mzee aliandika kwa penseli ukurasa wa kwanza, "cha fulani" au "wakfu", tulivimaliza kwa muda wa saa moja. Visivyoandikwa ndivyo vilivyotutoa jasho. Na tranka la chini mchwa walikuwa wameshaingia. Hatutajua kilicholiwa ni nini, maana hakuna palipoandikwa kilichokuwemo.

Ndugu yangu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Tunaisoma kila Ramadhani, na bado tunaazimana vitabu kwa mdomo.

*2. NENO LENYEWE TUNALO*

Kitabu kikiwa na orodha ya mambo yaliyomo, Kiswahili tunaiita fahirisi au faharasa. Neno hilo limetujia kupitia Kiarabu, *fihrist*, na Waarabu nao walilipata kwa Waajemi.

Mtu aliyelipa neno hilo umaarufu ni Ibn al-Nadim wa Baghdad. Hakuwa kadhi wala mufti. Alikuwa *warraq*, mtu wa dukani, anayenakili vitabu na kuviuza. Mwaka 377 Hijria, karibu na mwaka 987 Miladia, aliandika kitabu akakiita *al-Fihrist*. Alikusudia kutaja kila kitabu kilichopatikana kwa lugha ya Kiarabu, na waandishi wake. Alikigawa milango mikuu kumi: lugha pamoja na maandiko matakatifu na Qur'ani, nahau, historia, mashairi, elimu ya itikadi, fiqhi na hadithi, falsafa na tiba, hadithi za kubuni, dini nyingine, na wa mwisho elimu ya wale waliotaka kugeuza madini kuwa dhahabu.

Alipofika kwenye washairi, alitaja diwani ya kila mmoja ina karatasi ngapi. Kwa nini muuza vitabu ahesabu karatasi? Ili mnunuzi ajue kama anauziwa kitabu kizima au nusu. Orodha ilikuwa kinga dhidi ya ulaghai wa sokoni.

Miaka 271 baadaye, mwaka 1258, Wamongoli waliingia Baghdad. Vitabu vingi alivyovitaja Ibn al-Nadim havipo tena duniani. Tunajua kwamba viliwahi kuwepo kwa sababu mwuza duka mmoja aliandika majina yake. Kitabu kimekufa, jina lake limebaki. Hiyo ni faida ya kwanza ya orodha: inatoa ushahidi hata baada ya mali kupotea.

*3. JE, UNAITAFUTAJE HADITHI?*

Sasa niwape mfano ambao wanafunzi wa dini wataufahamu haraka.

Kuwa na elimu ni jambo moja. Kuipata pale unapoihitaji ni jambo jingine. Wanazuoni wa hadithi walilijua hili mapema mno.

Imamu Ahmad bin Hanbal, aliyefariki mwaka 241 Hijria, alipanga *Musnad* yake kwa majina ya Masahaba. Kuna hadithi zaidi ya 27,000 humo. Ukijua hadithi imepokewa na nani, unakwenda moja kwa moja. Usipojua, umepotea msituni.

Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alipanga kwa maudhui: imani, udhu, swala, biashara, na kuendelea. Lakini hadithi moja huwa na mafunzo mengi, utaiweka wapi? Yeye aliirudia. Hadithi maarufu ya nia, ile inayofungua kitabu, imo katika *Sahih* yake mahali saba. Mwenye kutafuta habari za hijra ataikuta, wa viapo ataikuta, wa ndoa ataikuta. Watu wengine huuliza, kwa nini Bukhari anarudiarudia? Jibu moja ni hili: aliacha milango saba ya kuingilia chumba kimoja.

Karne zikapita. Imamu al-Mizzi wa Damascus, aliyefariki mwaka 742 Hijria, aliandika *Tuhfat al-Ashraf*. Humo alikusanya ncha za hadithi, yaani maneno ya mwanzo tu, akazipanga kwa wapokezi, na kila moja akaonyesha ipo katika kitabu gani kati ya vile sita. Hakikuwa kitabu cha kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kitabu cha kukuelekeza kwenye vitabu vingine.

Kisha katika zama zetu, Mholanzi A. J. Wensinck na wenzake wakaanza kutoa kamusi ya maneno ya hadithi kutoka vitabu tisa. Juzuu ya kwanza ilitoka Leiden mwaka 1936, ya saba mwaka 1969, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki miaka 30 nyuma. Ukikumbuka neno moja tu la hadithi, ungeweza kuipata.

Kwa jina la mpokezi, kwa maudhui, kwa maneno ya mwanzo, kwa neno lolote. Njia nne. Wataalamu wa maktaba na kompyuta leo wanahangaika na swali hilo hilo: mtu anayetafuta anakumbuka nini, na sisi tumpe mlango gani?

*4. KUTOKA ORODHA YA MALI HADI RAMANI YA MSOMAJI*

Mwanzoni orodha nyingi za maktaba zilikuwa za mwenye mali, kama mfugaji anavyohesabu ng'ombe jioni: waliotoka ni wangapi, waliorudi ni wangapi?

Cordoba, Andalusia, katika zama za Khalifa al-Hakam wa Pili aliyetawala kuanzia 961 hadi 976, Ibn Hazm amesimulia kutoka kwa msimamizi wa maktaba kwamba majina ya vitabu peke yake yalijaza madaftari 44.

Damascus, katika karne ya 7 Hijria, kulikuwa na maktaba ya wakfu iliyoitwa Ashrafiyya. Orodha yake ipo mpaka leo, Istanbul, ina vitabu zaidi ya 2,000. Aliyeiandika alipanga kwa herufi za majina ya vitabu, kisha kwa ukubwa wa kitabu, kisha kwa fani. Tafakari hilo la ukubwa. Vitabu vidogo viliwekwa pamoja, hivyo orodha ilikuambia kitabu ni kipi na pia ukinyooshe mkono wapi. Hapo orodha imeanza kumtumikia msomaji. Vitabu vya Ashrafiyya vilitawanyika. Orodha ikabaki.

Istanbul, Haji Khalifa, aliyefariki mwaka 1657, alitumia takriban miaka 20 kuandika *Kashf al-Zunun*, yenye majina ya vitabu yapatayo 14,500. Hayo hayakuwa ya nyumba moja. Alikuwa anaorodhesha elimu ya umma mzima.

Na pwani yetu je? Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliouanzisha Habib Saleh, una hazina ya vitabu vya mkono, na baadhi vina maandishi ya wakfu na ya umiliki kwenye kurasa zake. Katika miaka ya karibuni vimepigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza unaohifadhi nyaraka zilizo hatarini. Hapa Tanzania, J. W. T. Allen alizunguka kukusanya hati za Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikachapishwa orodha ya hati na kanda hizo. Kabla ya orodha ile, hati ilijulikana na mwenye nyumba tu. Baada yake, mtu wa nchi ya mbali aliweza kujua kwamba hati fulani ipo Dar es Salaam.

*5. DROO ZA KADI, NA JINA LAKO NI LIPI*

Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, na huduma ikaendelea kuenea mikoani. Wengi wa rika langu tulijua maktaba kwa kitu kimoja: kabati la droo ndogondogo zilizojaa kadi. Kwa kawaida kitabu kimoja kilikuwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, ya maudhui. Umeona? Ni milango ya Bukhari ile ile.

Nikiwa kijana niliingia maktaba moja mjini kutafuta tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile ya Kiswahili iliyotoka kamili mwaka 1969. Nikafungua droo ya A. Hakuna. Nikarudia. Hakuna. Nikaondoka nikiwa na uchungu, nikasema hawa hawataki vitabu vyetu. Mlangoni mama mkutubi akaniuliza, "Umekosa nini, mwanangu?" Nikamwambia. Akatabasamu, akanipeleka droo ya F. "Hapa tunaanza na jina la mwisho." Kitabu kilikuwepo siku zote.

Nilimdhania vibaya. Lakini lile swali halikuniacha. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Ukianza na la mwisho, unamwita babu. Shaaban Robert, mshairi wetu, kuna orodha zinazomweka kwenye R na nyingine kwenye S. Robert ni baba yake! Mkutubi mwerevu huandika kadi ya ziada: "Robert, Shaaban: tazama Shaaban Robert." Neno hilo moja, *tazama*, limewaokoa watu wengi.

Na namba nazo zina historia. Mpango wa namba unaotumika maktaba nyingi ulitolewa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Dini amezipa 200 hadi 299. Sehemu kubwa ni ya Biblia na Ukristo. Uislamu wote, Qur'ani, hadithi, fiqhi, sira, umebanwa kwenye namba moja: 297, kisha unagawanywa kwa videsimali.

Ndugu zangu, msikimbilie kusema ni njama. Dewey alianza kwa kupanga vitabu vya chuo chake, Amherst, na chumba kikubwa alimpa aliyekuwa na vitabu vingi. Na tuwe waadilifu: Ibn al-Nadim wetu naye aliwaweka Wamanichaeo, Wahindi na Wachina katika mlango wa tisa. Kila mpangaji huanza na nyumba yake, kisha anawatafutia wageni nafasi. La muhimu ni kujua kwamba orodha ina mwenyewe, na mwenyewe ana upande alioketi.

*6. SISI WA SINGIDA TUMEANDIKWA KWA JINA GANI?*

Hili linatugusa moja kwa moja. Kijana wa hapa akitaka kusoma historia ya Wanyaturu, aandike nini kwenye kisanduku cha kutafutia?

Mjerumani Eberhard von Sick, mwaka 1915, aliandika "Waniaturu", na akaongeza "Walimi". Mmarekani Harold Schneider, mwaka 1970, aliandika "Wanyaturu". Wengine wameandika "Turu" tu. Wataalamu wa lugha wanaandika "Rimi". Wenyewe nyumbani husema Arimi, na lugha ni Kirimi. Watu ni hao hao, ziwa ni Singidani lile lile. Lakini kwa mashine hayo ni majina mengi ya watu tofauti, mpaka mwanadamu akae chini aandike: *tazama*.

Kijana anayejua jina moja atapata sehemu tu ya historia ya babu zake, na atadhani ndiyo yote.

*7. SASA TUNA SIMU*

Miaka ya 1960 Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge la Marekani aliongoza kazi ya kuzigeuza kadi kuwa kumbukumbu ambazo kompyuta inaweza kuzisoma. Ikawa kumbukumbu iliyoandikwa mara moja inatumiwa na maktaba elfu. Mwaka 2015, shirika la OCLC la Marekani, lililokuwa likichapisha kadi kwa ajili ya maktaba, lilichapisha kadi zake za mwisho. Zama za droo zikafungwa.

Leo ustadhi wa Kiomboi ana Maktaba Shamela ndani ya kompyuta yake ndogo: maelfu ya vitabu vya Kiarabu. Anaandika neno moja, na ndani ya sekunde anapata mistari mia. Kazi iliyowachukua Wensinck na wenzake miongo, yeye anaimaliza kabla chai haijapoa. Alhamdulillah, ni neema.

Lakini neema hii ina mtihani. Mashine inakuletea mstari bila kukuletea kitabu. Nimemsikia kijana akinukuu maneno ya mwanachuoni mkubwa kuthibitisha jambo. Tukafungua kitabu: mwanachuoni yule alikuwa ananukuu hoja ya mpinzani wake, na ukurasa unaofuata anaivunja! Kijana hakudanganya. Alisoma kilicholetwa. Mwingine anachukua hadithi, haoni kwamba mstari wa chini mwandishi amesema ni dhaifu.

Zamani kadi ilikupeleka rafuni, ukashika kitabu, ukaona jalada, mwandishi, mlango, kilichotangulia na kinachofuata. Njia ilikuwa ndefu, na njiani ulijifunza. Leo umefika bila kusafiri.

Jingine: intaneti inatanguliza yale ambayo kurasa nyingi nyingine zimeyaelekezea. Kilichoandikwa sana kinapanda juu, kisichoandikwa kinazama. Kinachokuja kwanza si lazima kiwe ndicho cha kweli. Na vitabu vya mzee wetu wa Ikungi haviji kabisa, si ukurasa wa kwanza wala wa mia.

*8. TULICHOKIKUTA*

Nirudi kwenye matranka. Baada ya miezi minne ya mvutano tulikubaliana jambo moja: kabla ya kugawa, tuorodheshe. Tulikaa msikitini baada ya Alasiri na vijana watatu wa madrasa na kaunta buku moja. Tukachora safu: namba, jina la kitabu, mwandishi, kimeandikwa nini ndani, hali yake, ni cha nani.

Siku ya tatu, katikati ya vitabu viwili vya fiqhi, tulikuta daftari la mkono. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kijana akalitazama, akaandika kwenye safu: "daftari kuukuu". Akaliweka pembeni.

Nikamwambia, hebu lisome. Akaanza taratibu. Yalikuwa majina ya watoto waliosoma kwa mzee, mwaka walioanza, sura waliyofika, na wengine jina la kijiji. Kijana akanyamaza. Akasoma tena mstari mmoja. Lilikuwa jina la mama yake.

Ndugu zangu, yale maneno mawili, "daftari kuukuu", yangebaki, daftari lile lingekwenda kuwashia moto. Hakuna mtu ambaye angekuja kuuliza "daftari kuukuu". Tulifuta, tukaandika: majina ya wanafunzi wa madrasa, kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kijiji chetu. Sasa atakayetafuta kwa jina la mzee atalipata, kwa kijiji atalipata, kwa madrasa atalipata.

Juzuu tatu za yule bwana wa Manyoni? Ndani ya juzuu ya pili tulikuta kipande cha barua kilichotumika kama alama ya ukurasa, kimeandikwa kwa mkono wa mzee, kinamshukuru kwa kumuazima. Zilikuwa zake kweli. Kipande kile kilikuwa humo muda wote tulipokuwa tunagombana. Hakuna aliyefungua, maana kila mmoja alikuwa anatetea asichokisoma.

*9. FANYA HAYA WIKI HII*

(a) Andika jina lako kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu chako. Cha kuazima, andika cha nani. Cha wakfu, andika wakfu wa msikiti gani.

(b) Chukua kaunta buku, orodhesha. Usingoje kompyuta. Piga picha kurasa hizo kwa simu, mtumie mtu mmoja unayemwamini.

(c) Viongozi wa misikiti na madrasa: orodha ya vitabu vya wakfu iwe na nakala mbili, moja isikae kwa mtu mmoja peke yake.

(d) Unapoandika jina la kitu, jiulize: asiyenijua, akija baada ya miaka hamsini, atakitafuta kwa neno gani? Andika neno hilo pia.

(e) Unaponukuu kutoka kwenye simu, fungua ukurasa uliotangulia na unaofuata kabla ya kubonyeza kutuma.

(f) Na wale ndugu wenye vitabu vya mzee fulani ambavyo "utavirudisha tu": virudishe. Mwenyewe akifa, deni halifi.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu walimu wetu waliotusomesha bila malipo. Wape wanaotuachia elimu malipo yasiyokatika, na utujaalie tuzilinde amana zao. Wapatanishe ndugu wale wawili. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Ukiona lina faida, mpelekee mwenye tranka la vitabu chini ya kitanda. Na ukimaliza orodha yako, niandikie hapa chini umekuta nini.